Besi Iliyomtoroka Tabu

Ustadhi Abubakary alirudi mara ya pili siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na flashi ileile ndani ya bahasha ileile. Hakuketi. Alisimama mlangoni pa chumba cha Tabu, nyuma ya duka la Pankaj pale Ikwiriri, akaifuta miwani yake kwa ncha ya kanzu, kisha akasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka Chumbi.

"Dada Tabu, madufu yamewameza watoto."

"Tena?"

"Safari ile yaliwatafuna. Safari hii yamewameza. Tumeweka kwenye spika za madrasa, mabati yakatetemeka, njiwa wakahama, lakini neno la kaswida hulipati. Bibi mmoja jirani ametuma mtu kuuliza tunatwanga mpunga wa nani."

Tabu hakucheka. Alinyoosha mkono akaipokea bahasha.

"Nilipunguza, ustadhi. Nilipunguza sana."

"Ulipunguza nini? Labda ulipunguza watoto."

"Niachie. Nitaisikiliza upya."

Ustadhi akavaa miwani. Hakuwa mtu wa ugomvi, na pengine ndiyo sababu maneno yake yalimuingia Tabu zaidi. Alisema waamuzi wa Kibiti walitaka rekodi ziwafikie Jumamosi ili wachague madrasa zitakazosoma kwenye Maulidi ya wilaya, na kwamba watoto wake wamefanya mazoezi tangu Mfungo Nne. Kisha akaongeza kwa upole, "Nikirudi mara ya tatu na malalamiko haya, mzigo nitaupeleka Mbagala kwa vijana. Si kwa ubaya. Alhamisi nakuja kukaa hapahapa mpaka umalize."

"Karibu, ustadhi," alisema Tabu, ingawa hakuwa na nguvu ya kumkaribisha mtu yeyote.

Kumkalia fundi ni desturi ya kwetu. Mtu akipeleka nguo kwa mshonaji, au baiskeli kwa fundi, haachi kitu akaondoka. Anavuta kigoda, anakaa, anatazama mikono ya fundi mpaka kazi iishe, kwa maana fundi asiyekaliwa atasema njoo kesho mpaka mwaka ugeuke. Kwa Tabu hali ilikuwa hiyohiyo. Alikuwa fundi wa sauti. Alirekodi harusi, ngoma, kaswida na matangazo ya minada, kisha akazichanganya sauti hizo kwenye kompyuta ili kila moja ipate nafasi yake. Wenye kazi walikuja, wakakaa kwenye benchi nyuma ya mgongo wake, wakasema ongeza zumari, punguza bibi harusi, hapo shangazi yangu hasikiki.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kazi hiyo aliianza na mumewe, Mohamedi, aliyekuwa fundi redio, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mohamedi ndiye aliyekuwa na mdomo, Tabu ndiye aliyekuwa na masikio. Waligawana kazi hivyo bila hata kukubaliana. Mohamedi alikaa nje, mbele ya mlango, akawapokea wateja, akawapa kahawa, akabishana nao juu ya mpira, na kila walipotaka kuingia kumkalia fundi aliwaambia, "Fundi ni mke wangu, na mke wangu hakaliwi. Nikalieni mimi." Watu walicheka, wakakaa naye. Tabu alikuwa ndani peke yake, mlango umefungwa, akisikiliza.

Katika chumba kile kusikiliza hakukuwa jambo jepesi. Ukuta wa pili ulikuwa wa mashine ya kukoboa mpunga, nayo ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Spika kubwa isingefaa kitu, kwa sababu mngurumo wa mashine ni besi tupu, na besi ya muziki ikikutana nao huwezi tena kujua ipi ni ipi. Ndiyo maana walijinyima kwa muda mrefu wakanunua hedifoni za maana, kutoka kwa studio moja ya Dar es Salaam iliyokuwa inafungwa. Zilikuwa hedifoni nzito, zenye mito miwili ya mviringo inayolifunika sikio zima na kuuzuia mngurumo wa jirani usipite. Mohamedi alipozileta alizifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Mwaka wa kwanza hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa.

Mohamedi alifariki mwaka jana, mwezi wa mvua za vuli. Alianguka pale mbele ya mlango akiwa na kikombe mkononi. Tabu alikaa eda miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha alirudi kazini kwa sababu hakujua kazi nyingine. Akafungua mlango, akawasha kompyuta, akavaa hedifoni. Besi haikuwapo.

Si kwamba ilikuwa imekwisha kabisa. Ilikuwa mbali, kama ngoma inayopigwa ng'ambo ya mto wakati upepo unavuma kwenda kwao. Dufu lilisikika kama kopo. Hata rekodi za zamani, zile alizozifanya vizuri na watu wakazisifu, sasa zilikuwa nyembamba, sauti tupu za juu zisizo na miguu ya kusimamia. Kwa hiyo alifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya: aliongeza besi. Aliongeza mpaka sikio lake likaridhika. Na kilichoridhisha sikio lake kilipofika kwenye spika za harusi kilitetemesha mabati na kuwameza waimbaji.

Malalamiko yalianza taratibu. Kwanza watu walimwonea haya mjane. Baadaye haya ikaisha. Mama mmoja wa Ikwiriri alimwambia sokoni, mbele ya watu, kwamba harusi ya mwanawe imesikika kama lori la mbao linalopita darajani. Mwingine akasema kwa utani, "Jina lenyewe Tabu, ulitaraji raha?" Kazi zikapungua. Tabu naye akaanza kuishi na hofu ambayo hakumwambia mtu: mama yake mzazi alianza kupoteza usikivu alipokaribia miaka hamsini, na alikufa bila kumsikia mtu yeyote, akiitikia kila neno kwa kutabasamu.

Alijaribu, hata hivyo. Jambo la kwanza aliloshuku ni ile mito ya hedifoni, maana ilikuwa imechakaa, ngozi yake inachubuka na kumwachia magamba meusi kwenye mtandio. Alijua kwamba hedifoni za namna hii huishi kwa mito yake. Besi ni hewa inayosukumwa polepole, na hewa hiyo lazima ibaki kati ya hedifoni na sikio. Mto ukibonyea au ukipasuka, hewa hutoka pembeni, na kinachotoka kwanza ni besi. Sauti nyembamba haijali upenyo. Besi haivumilii hata kidogo. Basi aliifumua ile mito, akatoa sponji iliyokuwa imegeuka unga, akaishindilia sufi aliyoichomoa kwenye mto wake wa kulalia, akaishona upya. Kwa siku mbili ilikuwa minene na mizuri kutazama. Siku ya tatu sufi ikashuka yote chini, ikafanya mafundo kama mto wa mgonjwa.

Pankaj alicheka alipoiona. Yeye ndiye mwenye duka la mbele, duka la vifaa vya umeme lililoanzishwa na babu yake, Zaverchand, aliyekuja na masanduku mawili enzi za kivuko, kabla ya daraja la Rufiji. Alikuwa mtu mnene, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, na rafiki mkubwa wa marehemu. Kwa urafiki huo alimwita Tabu shemeji, naye Tabu alimwita hivyohivyo.

"Shemeji, hedifoni ya Mzungu umeitia sufi ya Rufiji. Sasa ikilala usingizi utailaumu?"

"Niagizie mito mipya basi, badala ya kunicheka."

Akamwagizia. Mito ilifika baada ya wiki tatu, ya ngozi nene isiyopitisha hewa, bora kuliko ile iliyokuja na hedifoni zenyewe. Tabu aliivisha kwa uangalifu, akasikiliza. Besi ilisogea kidogo, labda kwa upana wa kidole. Haikurudi.

Hapo Pankaj akasema tatizo ni nguvu. Alieleza, na alieleza kweli, kwamba hedifoni za studio ni ngumu kuzisukuma, kwamba kompyuta haina nguvu ya kutosha, kwamba zinataka amplifaya ya peke yake. Tabu aliuza friji ndogo aliyokuwa akigandishia barafu za kuuza, akampa Pankaj fedha aagize. Amplifaya hiyo ilifika Jumanne ileile ya Ustadhi Abubakary, adhuhuri, ndani ya boksi lililobonyezwa na mizigo mingine ya basi.

Waliifungua pamoja juu ya kaunta. Ilikuwa kisanduku cheusi chenye kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha. Tabu aliichomeka, akaweka kaswida ya Chumbi, akakaa kwenye kiti chake. Alizungusha kitufe. Watoto walipaa, sauti zao zikawa kali kama sindano. Madufu pia yaliongezeka, lakini yaliongezeka kwa ukopo wao uleule. Alizungusha zaidi mpaka masikio yakamuuma, kisha akarudisha kitufe pale kilipokuwa.

"Vipi?" aliuliza Pankaj kutoka mlangoni.

"Vaa wewe."

Pankaj akavaa. Kwanza alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayeonja chakula cha wageni. Mara akatoa macho, akashika ukingo wa meza.

"Shemeji, hii nasikia mpaka kwenye meno. Besi imejaa. Imejaa mno, hata wale watoto siwapati vizuri."

"Huna haja ya kunifurahisha."

"Nikufurahishe ili nipate nini? Nakwambia besi ipo. Ustadhi anasema kweli."

Tabu akazipokea hedifoni, akazivaa tena juu ya ushungi wake, akasikiliza kaswida ileile, mahali palepale pa wimbo. Kopo. Akazivua, akaziweka mezani, akazitazama. Mito ilikuwa mipya. Amplifaya ilikuwa mpya. Mtu mwingine aliisikia besi, yeye hakuisikia. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, nacho hakiagizwi Kariakoo.

"Shemeji," alisema, "kesho sifungui. Nakwenda Kibiti."

"Kuna nini Kibiti?"

"Nakwenda kupimwa masikio."

Pankaj alitaka kusema neno la mzaha, akautazama uso wake, akaliacha.

Kituo cha afya alichokwenda kilikuwa na watu wengi, na Tabu alisubiri kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Mbele yake walikaa mama na mtoto aliyeingiza punje ya choroko sikioni. Tabu hakuwa na hasira na foleni. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo hata kusubiri kulikuwa nafuu, kwa sababu mtu anayesubiri hajaambiwa bado. Alijaribu kufikiria atafanya nini ikiwa ni kweli. Angeweza kurudia barafu, lakini friji ameshaiuza. Angeweza kulima mpunga kwenye kiwanja cha kaka zake, ambao wangemkubali kwa sharti la kumsema kila siku. Zaidi ya hapo akili yake haikwenda.

Tabibu alikuwa mwanamke mdogo wa kuweza kuwa binti yake, mwenye sauti ya haraka.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Sauti nzito sizisikii. Nyembamba nazisikia. Nzito zimenikimbia tangu nitoke eda."

"Nzito ndizo huzisikii?" Tabibu alisimamisha kalamu. "Una hakika si kinyume chake? Uzee ukianza kuchukua masikio huanza na sauti nyembamba. Ndege, mlio wa simu, watoto. Nzito huwa za mwisho."

"Watoto nawasikia mpaka wananikera."

Tabibu akacheka kidogo, akachukua kitochi chake, akasogea. Kisha akasimama akingoja. Tabu naye akangoja.

"Ushungi, mama. Siwezi kuchungulia sikio juu ya nguo."

Tabu akaomba radhi, akauvua. Tabibu akachungulia sikio la kulia, akachungulia la kushoto, akagonga kifaa cha chuma chenye meno mawili, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kila mara Tabu alisema nasikia. Mlio wa kile chuma ulikuwa mnene na wa duara, naye aliusikia mpaka ulipozimika.

"Masikio yako mazima. Nta kidogo tu, na hiyo kila mtu anayo. Unalala vizuri?"

"Silali."

"Basi ulale," alisema tabibu, akaandika kitu, akaita namba nyingine.

Tabu alirudi Ikwiriri alasiri bila furaha aliyoitarajia. Kuambiwa masikio mazima kulimwongezea mzigo, kwa sababu sasa hakuwa na wa kumlaumu. Garini alikaa dirishani, nje mashamba ya ufuta yakipita, na kilichomrudia kichwani hakikuwa kauli ya masikio mazima. Kilikuwa kile kingine. Siwezi kuchungulia sikio juu ya nguo. Alikirudiarudia bila kukusudia, kama mtu anavyorudia kiitikio cha wimbo asioupenda, na gari lilipofika mzani wa mazao aliacha kukirudia, akakaa wima.

Alipita dukani bila kumsalimu Pankaj. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akatia komeo. Komeo lilikuwa na kutu. Halikuwa limetiwa tangu Mohamedi afariki. Enzi zake mlango ulifungwa siku zote, yeye yupo nje na watu wake, na Tabu yupo ndani kichwa wazi, mitandio yote imetundikwa msumarini kwa sababu ya joto. Baada yake watu waliingia moja kwa moja. Wanaume wasiomhusu walikaa nyuma ya mgongo wake tangu asubuhi hadi jioni. Kuufunga mlango kukiwa na mwanamume ndani haikuwezekana, na kukaa nao bila ushungi haikuwezekana pia. Alifungua mlango, akajifunika, akavaa hedifoni juu ya ushungi. Jambo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba hakulihesabu kuwa badiliko.

Akauvua ushungi, akaziweka nywele nyuma ya masikio, akavaa hedifoni. Mito ikalala kwenye ngozi. Hata kabla ya wimbo kuanza, mashine ya mpunga ilinyamaza ghafla kama iliyokatiwa umeme, na hapo alijua.

Akaanzisha kaswida. Dufu la kwanza lilimpiga kifuani. La pili likamfanya azivue hedifoni na kuzitupia mezani. Amplifaya ilikuwa pale alipoiacha jana, na besi ilikuwa ile yote aliyoiongeza yeye mwenyewe kwa miezi minane, amerundika juu ya rundo. Ustadhi alikuwa amesema kwa adabu. Yale hayakuwa madufu, yalikuwa mafuriko.

Alipunguza sauti akajaribu kwa utaratibu, maana alikuwa fundi. Akaweka ncha ya ushungi katikati ya mto wa kulia na sikio: besi ya kulia ikatoka. Akaiondoa: ikarudi. Akajaribu mtandio mwembamba wa sikukuu, ule wa kupenya mwanga. Hata ule uliitoa nusu. Kitambaa kilikuwa kinapitisha hewa pembeni, basi, na mito yote mipya na nguvu zote za amplifaya zilikuwa pampu kubwa kwenye mpira wenye pancha. Aliukunja ushungi mapajani. Alifikiri tu kwamba anataka kulala.

Pankaj alibisha hodi. Tabu akajifunika, akatoa komeo, akamweleza kwa maneno machache. Pankaj alisikiliza, akaitazama mito, akautazama ushungi, akapangusa jasho.

"Kwa hiyo amplifaya haikuhitajika."

"Inasaidia. Sauti imetulia. Lakini sicho kilichokosekana."

"Kumbe Mohamedi ndiye alikuwa amplifaya," alisema Pankaj. "Amekaa pale nje miaka yote ananywa kahawa yangu, nami namwona mvivu."

Tabu akacheka, na kicheko kikamtoka kibaya, nusu yake kikohozi. Pankaj akageuka kutazama rafu za betri mpaka kilipokwisha.

Alhamisi Ustadhi Abubakary alifika kabla ya saa mbili, ameshika kigoda chake mwenyewe, kwa maana alijua benchi la Tabu lina msumari. Alikiweka nyuma ya kiti cha Tabu, akakalia, akatoa tasbihi.

"Bismillah. Tuanze."

"Ustadhi, leo nitakuomba ukae nje."

Tasbihi ikasimama. "Nje wapi?"

"Dukani kwa Pankaj. Mlango nitaufunga."

"Dada Tabu, fundi akifunga mlango, mteja huanza kusoma dua. Jumamosi ni keshokutwa. Nimekwambia nitakaa hapa, ukakubali."

"Nilikubali kabla sijajua."

"Kujua nini?"

Tabu alikuwa ameyapanga maneno mengine, ya mitambo na umeme, ambayo yangeokoa haya yake. Aliyaacha kwa sababu hakuwa na nguvu za kuyabeba. "Hedifoni hizi hazisikiki juu ya nguo," alisema. "Zinataka kichwa wazi. Miezi minane nimezivaa juu ya ushungi kwa sababu nyie mmekaa nyuma yangu. Ndiyo maana madufu yanawameza watoto. Mimi nilikuwa siyasikii, nayaongeza."

Ustadhi alitazama sakafu. Alisukuma punje za tasbihi moja moja, kama mtu aliyeulizwa swali la fikihi ambalo hakulisoma.

"Ungesema tangu mwanzo," alisema.

"Sikujua tangu mwanzo. Nimelijua jana."

"Basi tumekukalia sisi, halafu tukakulaumu sisi."

"Nami sikujua, ustadhi. Tusitafutane."

Akanyanyuka, akabeba kigoda chake, na mlangoni akageuka. "Lakini nikikaa kwa Pankaj atanieleza habari za siasa."

"Mwambie hukaliwi."

Tabu akatia komeo. Umeme ulikatika mara mbili, na kila mara alikaa gizani akingoja bila kuvua hedifoni, kwa sababu ilikuwa raha kukaa ndani ya ule ukimya. Kazi yenyewe haikuwa ya maajabu. Alitoa karibu kila kitu alichokiongeza. Dufu kubwa alilirudisha mahali pake, chini, pana, lenye kuubeba wimbo bila kuugusa. Madufu madogo akayatenga, moja kulia, moja kushoto. Sauti za watoto hakuzipandisha hata kidogo. Zilikuwapo muda wote, zimesimama pale, kama watu waliosimama nyuma ya pazia. Alisikia watoto kumi na wawili, kila mmoja na pumzi yake. Alisikia mmoja aliyechelewa, na mwingine aliyevuta makamasi kabla ya ubeti wa tatu, akaifuta ile kamasi.

Adhuhuri mashine ya mpunga ilisimama kwa ajili ya sala na chakula. Wanaume walipotoka msikitini Tabu alijifunika, akampa Pankaj flashi, na Pankaj akaichomeka kwenye spika kubwa kuliko zote dukani, ile asiyewahi kuiuza. Kaswida ikatoka mpaka barabarani. Mtu wa bodaboda akazima pikipiki. Ustadhi Abubakary alisimama kichwa kimeinama, mkono nyuma ya sikio, na hakuna aliyeweza kuusoma uso wake mpaka ubeti wa pili ulipokwisha.

"Simamisha," alisema.

Pankaj akasimamisha.

"Huyu mwenye sauti ya mluzi. Anatamka herufi sini mahali pa swadi."

"Ndivyo alivyosema," alijibu Tabu.

"Siku ile ya kurekodi?"

"Siku ile."

"Na mimi nilikuwapo?"

"Ulikuwa umekaa nyuma yangu."

Ustadhi akavua miwani. "Mwaka mzima anasoma kwangu na hili sijalisikia. Na waamuzi watalisikia. Sasa kila kitu kinasikika." Aliwageukia kama anayetafuta wa kumlaumu, akamkosa. "Rudisha mwanzo."

Waliirudia mara tatu. Mara ya tatu Ustadhi alikuwa anaitikia kimoyomoyo, midomo inacheza, na bega moja linafuata dufu bila ruhusa yake. Aliulizwa kama ataipeleka Mbagala. Akasema Mbagala ni mbali, na sini haitageuka swadi kwa nauli. Akaitia flashi kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa kanzu, akamshukuru Tabu mara moja tu, bila kumtazama, akaondoka na kigoda chake kwenda kusimamisha gari la Chumbi.

Pankaj alitaka kuzungumza. Tabu akamwomba amwachie saa moja, na mtu yeyote akija akae na yeye huko mbele. Akaingia ndani akafunga.

Kwenye kompyuta kulikuwa na kazi zote alizozitoa tangu atoke eda, harusi tisa na maulidi mawili, kila moja na mafuriko yake. Hakuna aliyemwomba azirekebishe. Nyingine zilikuwa zimeshasahauliwa, nyingine zilipigwa mara moja zikafutwa. Alijua hivyo, na alikuwa amechoka kiasi cha kuona kiti kinamvuta chini. Hata hivyo alivaa hedifoni akafungua ya kwanza. Ilikuwa harusi ya Kiongoroni, kule deltani, aliyoifuata kwa boti na kurudi na homa. Alisikiliza kidogo, akakumbuka kwamba maharusi wale walishaachana, na bwana harusi amehamia Mafia. Akaipita. Akafungua ya pili, akaanza kupunguza.